Samaki Nisiyeweza Kumwachilia

Jumamosi moja jirani yangu alinikuta kwenye foleni ya maji ya kisima hapa Mtongwe, nina mitungi mitatu ya lita 20. Mifereji ilikuwa mikavu siku ya nne. Akaniuliza, "Mwanangu, una wageni leo?" Nikamwambia ukweli: maji ni ya samaki. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Kimya chake kimenikaa moyoni hadi leo.

Samaki mwenyewe ni frontosa, wa mistari myeusi na nundu kwenye paji la uso. Kwao ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, na huko huishi kwa makundi kwenye miamba, makumi ya mita chini ya maji. Nilimnunua akiwa mdogo kama kidole gumba. Muuzaji aliniambia hatapita kiganja. Mie nami sikuuliza zaidi, maana jibu lile lilinifaa. Sasa ana sentimita 27. Tangi langu la kioo lina urefu wa mita moja na upana wa sentimita 40. Akitaka kugeuka lazima ajikunje, na mkia unapapasa kioo. Aina yake huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Yaani nitafika miaka arobaini na kitu, yeye bado yumo humo anajikunja.

Nimejitetea sana. Kwanza nilisema hana shida: anakula kila siku, hana adui, na hata maji ya visima vyetu, yanayopita kwenye mawe ya matumbawe na kuacha ukoko mweupe kwenye birika, yana chokaa kama ya kwao. Lakini usiku stima zikipotea na pampu ya hewa ikazima, mie hukaa macho nikikoroga maji kwa kikombe. Hatari za ziwani mwili wake uliumbwa kupambana nazo. Hii ya stima nimemletea mimi.

Kisha nikajitetea kwa furu. Hawa ni binamu zake wadogo wa Ziwa Victoria. Walikuwa mamia ya aina, hadi sangara, ambaye Kisumu wanamwita mbuta, alipopandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ametapakaa, maji nayo yanachafuka, na aina nyingi za furu zikatoweka. Baadhi ya zilizobaki zimetunzwa kwenye matangi Ulaya na Marekani. Bas, nikasema, unaona? Tangi laweza kuwa safina.

Hoja hii ni nzuri, tatizo ni kwamba hainihusu. Safina ya Nabii Nuhu ilikuwa inangoja nchi kavu. Wanaotunza furu kwa dhati huwazalisha kizazi baada ya kizazi ili aina isipotee. Wangu ni dume, yuko peke yake, na aina yake haikunituma nimwokoe. Yupo kwa sababu nikichoka kuandika napenda kumtazama.

"Mwachilie basi," rafiki yangu aliniambia. Wapi? Baharini chumvi itamuua. Mtoni au bwawani, nitakuwa nimerudia kosa la sangara kwa kiasi changu. Na waliomleta sangara hawakuwa watu wabaya, walitaka wavuvi wapate samaki wakubwa. Kumtupa kiumbe mahali si pake ili roho yangu itulie ni kuwalipisha wengine kosa langu. Tena hao hawajui hata kama wanalipa.

Rafiki huyo akacheka: "Basi mkaange. Si ndugu ya tilapia?" Ni kweli, ukoo wao ni mmoja, na tilapia namla kwa ugali bila kuuliza swali. Nililifikiria jambo hili kwa uzito kuliko alivyodhani. Tofauti niliyoiona ni hii: yule tilapia sikuwahi kumfanya anitegemee. Huyu nimemtoa udogoni hadi hapa, na kila nikikaribia kioo yeye huja. Nikimla kwa sababu amekuwa mzigo, nitakuwa kama mtu anayelipa deni kwa kumwondoa anayemdai.

Kwa hivyo siwezi kumrudisha, siwezi kumwachilia, na siwezi kujifanya sikukosea. Tumezoea kufikiri kwamba kosa likijulikana, dawa yake ni kulifuta. Kuna makosa hayafutiki. Yanabaki na mahitaji yake kila wiki, na uungwana ni kuyahudumia bila kutaka sifa, kwa sababu unalipa, hutoi sadaka.

Lakini kulipa kwa maji ya nani? Hapo ndipo kile kimya kinaponirudia. Mitungi yangu mitatu ilimfanya mama mwenye watoto wanne asubiri zaidi. Deni ni langu kwa samaki, naye hakuwa mdhamini wangu. Siku hizi nachota usiku, watu wakishamaliza. Masika nakinga mvua kwenye pipa. Maji machafu ya tangi, yaliyojaa mbolea, nampelekea jirani kwa mchicha wake. Naweka akiba ya tangi la mita mbili, na namtafuta mtu mwenye kundi la frontosa na nafasi ya kutosha. Nikimpata kabla ya akiba kutimia, nitampa, hata kama chumba changu kitabaki na ukuta mtupu.

Wiki jana nilimpelekea jirani ndoo ya maji. Akamwagia mchicha polepole, kisha akasema bila kugeuka, "Huyo akifa, usilete mwengine."

"Sileti," nikamwambia.