Andiko Lililorudishwa

Mkulima wa Alimbongo apelekaye viazi vyake kando ya barabara ya Butembo aijua desturi ya mnunuzi. Mnunuzi huinama, hufungua gunia, hutia mkono mpaka chini, hutoa viazi vidogo pamoja na vile vilivyokatwa na jembe, na kuviweka kando. Mkulima hukasirika kidogo, hubishana kidogo, kisha hurudi nyumbani na vile vilivyosalia, wala haoni kwamba yeye mwenyewe amewekwa kando pamoja navyo. Jioni watoto watavila.

Lakini mtu aliyeandika hadithi, akaituma kwa watu wachapao magazeti na vitabu, akarudishiwa karatasi zake pamoja na maneno machache ya kukataa, hawezi kurudi nyumbani kwa moyo mwepesi namna hiyo. Huona haya mbele ya jirani ambaye hata hakujua kwamba ameandika. Wako wanaozitia karatasi motoni na kuapa kwamba hawataandika tena hata barua. Je, aliyekataliwa andiko lake amekataliwa yeye mwenyewe? Swali hili si la waandishi peke yao. Kila aliyefanya kazi kwa moyo wote, kisha akaionyesha kwa mwingine, amekwisha kuulizwa swali hilo ndani ya nafsi yake.

Grace Ogot alizaliwa mwaka 1930 katika Asembo, nchi ya Wajaluo, upande wa Kenya wa ziwa Viktoria. Alilelewa katika nyumba ya Kikristo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa uuguzi. Baba yake alimsomea habari za Agano la Kale, na nyanya yake akamsimulia ngano za kale. Chemchemi hizo mbili zikakutana katika moyo wa mtoto mmoja. Alipoanza kuandika, alitunga hadithi ya Oganda, binti wa mtemi, ambaye wakati wa ukame mkali alichaguliwa atolewe kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Msichana anatembea peke yake kuelekea majini, na watu wake wamwimbia nyimbo za kumwaga. Kijana ampendaye amfuata kwa siri, amwokoa, wakimbia pamoja. Na mvua yanyesha vilevile.

Hadithi hiyo, pamoja na nyingine, Ogot aliipeleka kwa meneja wa East African Literature Bureau, shirika la serikali lililoanzishwa kwa ajili ya kuwapatia watu wa nchi hizo vitabu. Huko hakutiwa moyo. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, watu wale hawakuweza kuelewa jinsi mwanamke Mkristo alivyoandika habari za matambiko na dawa za kienyeji, badala ya kuandika habari za wokovu.

Jibu la namna hiyo lina uzito mara mbili. Kama angaliambiwa kwamba hadithi ni ndefu mno, au kwamba mwisho wake waja kwa haraka, angalikaa mezani na kalamu. Lakini lawama haikuishia penye karatasi. Ilivuka ikafika kwake mwenyewe, ikauliza yeye ni Mkristo wa namna gani. Hapo ndipo penye hatari. Mwandishi mwenye imani aweza kuogopa, akatupa kitu chema kwa kudhani kwamba ametenda dhambi.

Basi, je, walikuwa na haki? Yafaa kufungua kitabu cha Waamuzi, mlango wa kumi na moja. Mle mna habari za Yefta, aliyeweka nadhiri bila kufikiri, hata akamtoa binti yake wa pekee, na wasichana wa Israeli wakamlilia mwaka hata mwaka. Hakuna asemaye kwamba aliyeandika habari hiyo aliwafundisha watu kuchinja binti zao. Kusimulia jambo si kulitenda, wala si kulisifu. Tena katika hadithi ya Ogot binti anaokoka, na mvua yanyesha bila kafara! Msomaji aliyefika mwisho wake angaliona neno hilo. Mwenye kuhukumu andiko ana wajibu wake pia, na wajibu wa kwanza ni kulisoma lote.

Lakini isidhaniwe kwamba kila anayekataa ni mwenye makosa. Gazeti lina kurasa chache. Habari njema yaweza kufika mahali pasipo pake. Na mara nyingi, ni lazima kusema kweli, andiko bado ni bichi. Ndugu na rafiki husifu upesi, wengine hata kabla ya kugeuza ukurasa wa pili. Mtu asiyetujua husema wazi kwamba hapa hakuelewa, na neno lake, ingawa ni chungu, lina faida kuliko sifa za nyumbani. Neno lionyeshalo mahali penye kosa lastahili kupokelewa hata likisemwa kwa ukali. Neno limhukumulo mtu bila kuonyesha mahali lisikilizwe mara moja, lipimwe, kisha liachwe lipite.

Kiburi nacho kina nyuso mbili. Yule asemaye kwamba wote waliomsahihisha ni wajinga hujulikana na kila mtu kuwa mwenye kiburi. Yule achomaye karatasi zake hudhaniwa mnyenyekevu; kumbe naye, kama mwenzake, haitazami kazi, hujitazama mwenyewe tu. Alitaka sifa, na asipoipata hataki kitu kingine. Kuisoma tena kazi iliyorudishwa, kwa utulivu, baada ya siku kumi au mwezi, ni kazi ngumu kuliko zote mbili.

Ogot hakuligeuza tambiko kuwa mahubiri ili apendeze. Alitafuta mlango mwingine. Mwaka 1963 hadithi yake ilitolewa na Black Orpheus, gazeti la fasihi la Nigeria, mbali na kwao. Mwaka 1966 riwaya yake The Promised Land ilichapwa Nairobi, na mwaka 1968 hadithi ileile ya Oganda ikatoka tena katika kitabu chake cha hadithi fupi, ikiwa na jina jipya. Si wote waliopata kungoja na kuona. Shaaban Robert wa Tanga alifariki mwaka 1962. Kitabu chake Kufikirika kilitolewa mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka uliofuata.

Mkatekumeni anayesoma habari za manabii atakuta andiko lililokataliwa vibaya kuliko hayo yote. Wakati wa baridi mfalme Yoyakimu aliketi mbele ya moto, kama wakaavyo watu wa Alimbongo ukungu unaposhuka, akasomewa gombo la maneno ya Yeremia. Kila vilipokwisha kusomwa vipande vitatu au vinne, mfalme alivikata kwa kisu cha mwandishi na kuvitupa motoni, hata gombo lote likateketea. Baruku alikuwa ameliandika kwa mkono wake, neno kwa neno. Yeremia akatwaa gombo jingine, akampa. Baruku akaketi, akaandika tena yote yaliyoteketea, na maneno mengine mengi ya namna hiyo yakaongezwa.