Tumlipe na Aliyenyamaza

Ndugu zangu, tumezoea kumlipa anayetutisha na kumsahau aliyetustahi. Mkopeshaji wa kausha damu akituma watu mlangoni kudai rejesho la wiki, tunahangaika usiku kucha mpaka lipatikane. Lakini mwenye duka aliyetuandikia unga, mafuta na sabuni kwenye daftari lake, bila riba wala rehani, tunampita kwa uchochoro mwingine tusikutane naye. Naye ana watoto, na rafu zake zinabaki tupu kwa sababu ya upole wake. Hapo ndipo tulipostahili kuona haya.

Hofu ya riba naielewa. Deni la laki tatu kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi ladai elfu sitini kila mwezi, kabla shilingi moja ya deni lenyewe haijapungua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, na wapo miongoni mwetu waliokopa kwenye moja ili walipe nyingine. Deni la namna hiyo lipunguzwe upesi, maana halilali. Hata hivyo haki ya mwenye duka haifutiki. Aendewe, aambiwe ukweli, na apewe hata elfu mbili kwa wiki. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Naye Mtume Paulo aliwausia Warumi wasibaki na deni kwa mtu. Sote tumelelewa hivyo.

Ukweli huo uanzie nyumbani. Mke amechukua mkopo wa kikundi na mume hajui. Mume amekopa kazini dhidi ya mshahara na mke hajui. Kila mmoja anabana kwa siri, na mwenzake anamwona bahili. Siku rejesho linapokosekana, wanakikundi waliomdhamini mke ndio wanaochangishana kulipa, wanawake wenye shida kama zake. Kujificha siku ya marejesho ni kuwatwika wao mzigo wetu. Afadhali fedheha ya jioni moja, wawili wakae na daftari waandike kila deni kwa jina la anayedai.

Wakishaandika, watazame pa kupunguza. Mkono wetu hukimbilia sufuria kwanza: uji wa watoto unakosa maziwa, maharage yanakuwa mchuzi. Wakati huohuo sare ya harusi imeshapelekwa kwa fundi, mchango umeshaahidiwa, na king'amuzi kinalipiwa kifurushi kikubwa. Tujiulize nia. Tunapunguza kile ambacho majirani hawakioni, tunabakiza kile wanachokiona. Mwenye deni hana haki ya kujionesha kwa fedha ya mwingine, lakini mtoto ana haki ya kushiba.

Nyongeza ya kipato nayo ina adabu yake. Vitumbua vya alfajiri, barafu za ubuyu, kushona, kufuga kuku: zote ni kazi za heshima, na baba asione haya kukuna nazi au kusimama kwenye meza ya biashara. Asianze kwa mkopo mwingine. Aanze na kilo moja ya mchele, na fedha ya mtaji isichanganywe na ya mboga, la sivyo biashara italiwa kabla ya mwezi kwisha. Wala tusiongeze maji kwenye maziwa ya wateja tukasema tuna madeni. Huko ni kumlipa mmoja kwa kumwibia mwingine. Na mtoto asikoseshwe darasa kwa sababu ya sinia la maandazi.

Nina ombi pia kwenu mnaoongoza kamati za harusi na sherehe. Mtu akisema mwaka huu hataweza kuchangia, mpokeeni neno lake kwa heshima. Msimtaje kwenye kikao, msimpigie simu mara tatu, wala msimnyime mwaliko. Mnayemsukuma leo atakwenda kukopa kesho ili awaridhishe, na mwenye duka atazidi kusubiri.