Mzigo Uleule

Dada yangu anamwuguza baba yetu tangu alipopata kiharusi, na kila ajaye kuwajulia hali humwambia maneno yaleyale: Mungu hamtwishi mja asichokiweza. Naiamini ahadi hiyo. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia, na namna tunavyoitumia hunisumbua, kwani tunadhani kwamba aliyebeba mzigo miaka yote hii amekwisha thibitisha kuwa anauweza.

Waya wa risasi unatukanusha. Uning'inizie uzito usioweza kuukata: utanyooka kidogo, kisha utaendelea kunyooka polepole, siku baada ya siku, bila mtu kuongeza hata gramu moja. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Ukihesabu joto kuanzia sifuri halisi, hata chumbani tu imeshafika karibu nusu ya njia ya kuyeyuka, na atomu zake hupata nguvu ya kuhama. Waya wa chuma, humo humo chumbani, huoni ukisogea.

Mwaka 1910 Andrade, mwanafizikia wa Uingereza, alipokuwa akipima jambo hili alilazimika kushughulikia tatizo ambalo hunijia kila nimwonapo dada. Waya ukirefuka, hukonda. Uzito haujabadilika, ila kila milimita ya mraba iliyobaki inabeba zaidi ya jana. Ili mkazo ubaki uleule, aliuchonga mzigo kwa umbo maalumu, akauacha uzame majini kadiri waya ulivyorefuka, maji yakiupunguzia waya sehemu ya uzito.

Fiqhi inalijua hili. Asiyeweza kusimama huswali ameketi. Asiyeweza kuketi huswali amelala. Mgonjwa hula mchana wa Ramadhani. Hakuna anayeambiwa kwamba jana alisimama, basi na leo asimame. Uwezo wa mja huangaliwa upya kila swala, na shahidi wa kwanza ni yeye mwenyewe, si wageni wake.

Katika sahani za betri risasi huchanganywa na antimoni au kalsiamu ili ikaze. Nayo hunyooka, ila kwa mwendo mdogo zaidi. Subira ya dada naiona hivyo: ni neema ya kweli, na uzito wa baba uko palepale. Wa kuupunguza ni sisi ndugu. Tumeanza na usiku. Mimi na wanangu tunamgeuza mzee kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na dada analala hadi alfajiri.