KHUTBA YA IJUMAA: ASKARI WA MWILI NA MAJI YA ZIWA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Shukrani zote ni zake Mola wa viumbe vyote, vikubwa tunavyoviona na vidogo visivyoonekana kwa macho. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu waumini wa Swima na vijiji vya jirani, nawausia nyinyi na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha Mungu ni kuihifadhi roho aliyotupa amana. Leo tuzungumze juu ya ugonjwa tunaoujua sana sisi watu wa kando ya Ziwa Tanganyika, toka Uvira na Baraka mpaka Kalemie: kipindupindu, au kolera.

UGONJWA HUU SI UCHAWI

Ndugu Muislamu, nyumba moja wakianguka watu watatu kwa siku mbili, maneno huanza: wamelishwa sumu, wametupiwa. Kisha vidole humwelekea mama mzee fulani asiye na mtetezi. Ogopa dhulma hiyo! Watatu wale walikunywa katika bidoni moja na kula katika sahani moja. Hilo ndilo lililowakusanya.

Kinacholeta kolera ni kijidudu, yaani mikrobe. Mganga wa Ujerumani, Robert Koch, alikifuatilia Misri mwaka 1883, akakithibitisha India mwaka 1884. Hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, kikaingia ziwani, mtoni au mikononi, kisha kikaingia kinywani mwa mwingine. Kikifika katika utumbo mwembamba hujishika ukutani na kutoa sumu yake. Hapo utumbo, badala ya kunyonya maji, huyamwaga. Mgonjwa huharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, na akizidiwa anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja. Macho huingia ndani, sauti hukatika, misuli hukaza. Aliyekuwa mzima asubuhi huweza kuwa maiti jioni.

ASKARI ALIOWAWEKA MUNGU

Mola wetu hakutuacha bila walinzi. Ngozi ni ukuta. Tumboni kuna maji makali yanayoua vijidudu vingi tunavyovimeza. Ndani ya damu kuna chembe nyeupe, zinazozaliwa katika uboho wa mifupa. Nyingine humeza adui mzima mzima. Nyingine hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili, kila silaha kwa adui wake. Na vita vikiisha, baadhi ya askari hao hubaki wakimkumbuka adui, ili akirudi wamuwahi. Chanjo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: humwonyesha askari sura ya adui kabla ya vita. Na maziwa ya mama yana kingamwili za kumlinda mtoto, basi asiachishwe ziwa kwa sababu anahara.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Askari hao wanahitaji siku kadhaa kutengeneza silaha zao, na kolera huua kwa saa. Haimuui mtu kwa kula nyama yake. Inamuua kwa kumkausha. Kwa hiyo anayempa mgonjwa maji na chumvi anawapa askari wake muda wa kushinda. Tena msingoje homa. Magonjwa mengi huleta homa mwili unapopigana, ila kolera mara nyingi haina homa, kwa kuwa kijidudu chake hukaa utumboni bila kuingia katika damu. Mwili baridi si dalili ya nafuu.

Tazameni mifano miwili. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walirundikana Kagunga, ng'ambo ya ziwa letu hili, upande wa Kigoma. Watu kama 3,000 waliugua, waliokufa ni kama 30. Kijidudu ni cha kolera ile ile, na miili ni ya binadamu wale wale. Lakini Goma watu walikuwa wengi mno, na maji na matibabu havikuwafikia wengi kwa wakati.

TUFANYE NINI?

1. Anayeanza kuhara maji apewe dawa ya maji na chumvi mara moja. Kama pakiti haipo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Apewe kidogo kidogo kila anapohara, hata kama anatapika, huku akipelekwa kituo cha afya. Usimfiche kwa aibu.

2. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klori, na chombo kifunikwe. Mtume (s.a.w.) alituamuru kufunika vyombo vyetu.

3. Tusijisaidie ziwani wala kando ya mto. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya juu ya laana ya anayejisaidia wanapochota watu maji. Kumbuka, wengi walioambukizwa hawahisi kitu, nao hutoa kijidudu kwa siku kadhaa. Wewe mzima waweza kumuua jirani yako wa chini.

4. Unapotawadha kwa maji ya ziwa, sukutua na uteme, usimeze. Nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula.

5. Aliyekufa kwa kolera aoshwe na waliofundishwa, wenye glovu na klori. Ikishindikana kwa kuogopa madhara, wanazuoni wamefungua mlango wa tayamamu. Sala na dua zinamfikia vile vile. Wala pasipikwe chakula cha matanga kwa mikono iliyomgusa maiti.

Baadhi husema: aliyekufa kwa maradhi ya tumbo ni shahidi, basi tuache qadari ipite. Ni kweli Mtume (s.a.w.) amemhesabu miongoni mwa mashahidi, na hiyo ni faraja kwa wafiwa. Lakini hakuna aliyeamrishwa kuutafuta ushahidi ndani ya kikombe cha maji machafu. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham na akaambiwa kuna tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Mungu, alijibu kuwa anaikimbia moja na kuiendea nyingine, zote za Mungu. Chumvi na sukari nazo ni katika qadari yake.

Basi kila baba atokaye hapa leo aulize nyumbani kwake: sukari na chumvi zipo? Maji yamefunikwa? Choo kipo?

Ee Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, yalinde maji yetu na mikono yetu, na utuepushe na kumdhulumu asiye na hatia. Amin.

Simameni tusali.