Mjukuu Wangu Mwenye Mbio

Mjukuu wangu, nimesikia unakimbia. Wanasema alfajiri unashuka barabara ya Mbamba Bay na kuipanda tena kabla jua halijachomoza vizuri. Nilifurahi mno. Lakini usiku ule sikulala. Kaa hapa karibu nikuambie kwa nini.

Palikuwa na kijana wa Nyahururu, Kenya, jina lake Samuel Wanjiru. Alikulia kwenye umaskini. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alikwenda Japani kusoma na kukimbia. Agosti 2008 akasimama Beijing, kwenye joto kali, akamaliza marathoni kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Rekodi ya Olimpiki iliyodumu tangu 1984 aliivunja kwa karibu dakika tatu. Kenya, pamoja na wakimbiaji wake wote, haikuwahi kupata dhahabu ya Olimpiki ya mbio hizo kabla yake. Naye alikuwa na miaka 21 tu.

Akashinda London, akashinda Chicago mara mbili. Fedha zikaja nyingi, na watu wakaja nyuma yake.

Sasa nisikilize, mwanangu. Miguu ya Wanjiru haikumwangusha. Iliyomwangusha ni nyumba yake. Pombe iliingia, wanawake wakaongezeka, na mwishoni mwa 2010 polisi wakamshika, akidaiwa kutishia kumuua mkewe na kuwa na bunduki kinyume cha sheria. Mke akasamehe, akaondoa malalamiko yake. Mei 15, 2011, usiku, kijana alianguka kutoka roshani ya nyumba yake mwenyewe. Polisi walisema mkewe alikuwa amemkuta na mwanamke mwingine. Alifariki akiwa na miaka 24.

Mama yake na mjane wake wakavutana hadharani, mpaka mahakamani, na mazishi yakachelewa wiki kadhaa. Bingwa wa Olimpiki, mwili wake unasubiri ndugu wapatane! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Usiniambie hayo ni ya Kenya. Nimeyaona hapa hapa Mbinga, mwaka kahawa ilipopata bei. Jirani yangu mmoja, simtaji, alipolipwa alipanga chumba mjini akaweka mwanamke wa pili. Nilipopita shambani kwake, magugu yalikuwa yamefika kiunoni, chanja zimeoza, na mke wa kwanza anaanika kahawa juu ya gunia lililochanika, huku anaiokota punje punje isipotelee mavumbini. Hakuniamkia. Alikuwa analia.

Wazee wetu Wamatengo walichimba mashimo ya ngoro kwenye milima hii ili mvua isibebe udongo. Nami nakuambia: ngoro haichimbwi siku ya mvua. Fedha ni mvua, mjukuu wangu. Ikikukuta mteremko mtupu, itashuka na kila kitu hadi ziwani.

Na wavuvi wa Liuli watakuelewesha hili: upepo wa mwera hautoboi mtumbwi, anayeutoboa ni aliyekaa ndani. Nakusihi, mwangalie unayempandisha. Nakusihi zaidi, usiwe wewe unayetoboa.

Nakuomba, mwanangu, oa mbele ya watu. Mkeo ajue unapolala na unacholipwa. Mama yako na mkeo wale chungu kimoja mapema, wakati bado hakuna cha kugombania. Marafiki wa bia watakusifu hata ukiwa umekosea; mweke karibu yule anayethubutu kukukatalia. Wanjiru alikuwa na watu wengi wa kumpigia makofi. Wa kumshika mkono aende kulala, walikuwa wapi?

Najua nimesema sana. Mzee aliyewahi kuchimba makaburi ya vijana hawezi kusema kidogo.

Siku utakapoitwa Songea, Dar au ng'ambo, pita kwangu kwanza. Njoo jioni, nitakuwa barazani. Na mwenzako, huyo mmoja, njoo naye nimwone.