Tusimwache Mgonjwa na Maumivu Yake



Miaka michache baada ya kupata daraja la upadre, mwandishi wa mistari hii aliitwa usiku kwenda kumpaka mafuta matakatifu mama mmoja aliyeugua kansa. Nilimkuta amejikunja kitandani, ameuma upindo wa khanga yake ili watoto wasisikie kilio chake. Nikampa sakramenti, kisha nikaketi kando ya kitanda, nikamhimiza aunganishe mateso yake na mateso ya Bwana wetu Yesu Kristu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Padre, nataka sana kusali. Lakini maumivu haya hayaniachii nafasi hata ya Baba Yetu moja."

Juu ya meza palikuwa na chupa ya mofini ya maji aliyoileta mwuguzi. Ilikuwa imejaa, haikupungua hata tone. Mume wake alinitoa nje akaniuliza, "Padre, watu wasema dawa hii ni ya kumwua mgonjwa pole pole. Je, tukimpa, si dhambi?" Nami sikujua la kujibu. Badala ya kukiri ujinga wangu, nikasema, "Ngojeni kwanza." Wakangoja. Yule mama alikaa siku 9 katika hali ile, hata Mungu alipomwita. Jibu la swali lile Kanisa lilikuwa limekwisha kulitoa kabla mimi sijazaliwa. Naandika leo ili pasiwe na nyumba nyingine ya kungoja namna ile.

Kwanza yafaa tujue maumivu ni kitu gani. Wahenga waliuliza, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Wataalamu wa siku hizi wameichungua pilipili hiyo hiyo, nao wamepata elimu kubwa. Mwaka 1997 Profesa David Julius wa San Francisco, Marekani, pamoja na wenzake, walitambua katika mishipa ya fahamu mlango mdogo mno ufunguliwao na ukali wa pilipili. Tena waliona ya kuwa mlango huo huo hufunguliwa na joto linalozidi kiasi cha nyuzi 43. Kwa hiyo ulimi ulioonja pilipili hupeleka ubongoni habari ya kuungua, ijapokuwa hakuna kilichoungua. Lugha yetu ilikuwa imeliona jambo hilo zamani, kwani twasema pilipili yawasha, kama vile twasema mtu awasha moto. Kwa kazi hiyo Profesa Julius alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Profesa Ardem Patapoutian aliyegundua milango ya fahamu ya kugusa.

Zamani watu walidhani maumivu ni jambo rahisi. Mwenye hekima wa Ufaransa, Descartes, aliyekufa mwaka 1650, aliyafananisha na kamba ya kengele: ukiivuta chini, kengele yalia juu. Kidonda kikubwa, kilio kikubwa. Kidonda kidogo, kilio kidogo. Pasipo kidonda, kilio cha uongo. Lakini mambo sivyo yalivyo. Katika vita vya mwaka 1944, huko Anzio katika Italia, Daktari Henry Beecher wa Marekani aliwaona askari waliojeruhiwa vibaya, na wengi wao hawakutaka dawa ya maumivu. Yeye alifikiri ya kuwa jeraha lile lilikuwa kwao habari njema: wameokoka vitani, watarudi kwao.

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza ya kuwa katika uti wa mgongo pana kitu kama lango. Habari za maumivu zitokazo mwilini hupitia hapo. Nao ubongo hutuma amri kutoka juu, kulifungua lango au kulifunga. Tangu siku zile maelezo yao yamesahihishwa mahali mahali, lakini jambo lenyewe limesimama: hofu na upweke huyazidisha maumivu, na faraja huyapunguza. Mtoto akijigonga goti, mama hulisugua kwa mkono na kumwambia pole. Hakusoma kitabu chochote, lakini alitendalo ni tiba. Na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen katika Scotland, waligundua ndani ya ubongo vitu vifanyavyo kazi kama mofini. Basi Muumba mwenyewe ametia katika mwili wetu dawa ya kutuliza maumivu. Nani atasema ya kuwa kutuliza maumivu ni kushindana na Mungu?

Tupate hapa fundisho la kwanza. Ukubwa wa maumivu haupimwi kwa kutazama kidonda. Ayajuaye ni yule ayasikiaye, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mara ngapi twasema nyumbani, "Mzee huyu anadeka," au, "Mtoto huyu anajiliza"? Hata waganga waliosoma walikosa katika jambo hili. Mpaka miaka ya 1980 wengi waliamini ya kuwa mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima. Kwa hiyo watoto walipasuliwa wakipewa dawa kidogo mno ya kuzuia maumivu. Mwaka 1987 Daktari Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walionyesha ya kuwa vichanga waliopewa dawa ya kutosha walipona vizuri zaidi. Wale wa kwanza hawakuwa na ulimi wa kujitetea. Je, mgonjwa wetu anao ulimi, nasi hatumsadiki?

Mtu aweza kuuliza, "Mbona basi Mungu aliruhusu maumivu?" Mwaka 2006 wataalamu walioongozwa na madaktari wa Cambridge walitangaza habari za jamaa fulani za kaskazini ya Pakistan. Kwao palikuwa na mvulana aliyejichoma visu mikononi na kukanyaga makaa ya moto njiani ili apewe fedha, wala hakusikia uchungu wowote. Kabla hajatimiza miaka 14 aliruka kutoka juu ya nyumba, akafa. Watoto wengine wa jamaa hizo walikuwa na makovu midomoni na ulimini kwa kujiuma bila kujua. Mishipa yao ilikosa mlango mmoja mdogo upitishao habari za maumivu, kwa sababu ya kasoro waliyoirithi. Basi maumivu ni kama mlinzi wa usiku: hupiga kelele ili mwenye nyumba aamke. Hiyo ndiyo faida yake, nasi tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mwenye nyumba akiisha kuamka, taa zikiisha kuwashwa, naye mlinzi akaendelea kupiga kelele mwezi wa kwanza na wa pili, hailindi tena nyumba; awatesa waliomo. Maumivu ya kansa iliyoenea ni mlinzi wa namna hiyo. Kumnyamazisha si dhambi.

Wako watakaosema, "Lakini Bwana wetu, pale Golgota, alikataa divai iliyotiwa manemane." Ni kweli. Yeye alijitoa kwa hiari yake mwenyewe. Lakini hatusomi popote katika Injili ya kuwa alimwambia mgonjwa yeyote akae na maumivu yake, aliwagusa, akawaponya. Mkristu aweza kumtolea Mungu maumivu yake kwa upendo, na sadaka hiyo ina thamani kubwa. Walakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Hakuna atoaye sadaka kwa mfuko wa jirani. Mimi padre niliyeketi pale nikiwa mzima, sikuwa na haki ya kumtolea yule mama maumivu yake.

Na hili ndilo jibu nililokosa usiku ule. Tarehe 24 Februari 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliwajibu madaktari wa Italia wenye kazi ya kulaza wagonjwa kwa dawa. Alifundisha ya kuwa ni halali kutuliza maumivu kwa dawa kali, hata kama dawa hizo zitapunguza fahamu na kufupisha maisha, ikiwa hakuna njia nyingine, na ikiwa mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake wa dini na wa maadili. Nia ni kuondoa maumivu, si kuleta kifo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yasema vivyo hivyo katika namba 2279. Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya mateso, alimweka mbele yetu Msamaria mwema: fumbo la msalaba halimpi mtu ruhusa ya kupita kando. Kumwua mgonjwa kwa makusudi, hata kwa huruma, Kanisa lakataza daima. Lakini kumtuliza si kumwua. Tena waganga wa tiba shufaa wamejifunza kwa miaka mingi ya kuwa mofini iliyopimwa vema, ikaongezwa taratibu, haiharakishi kifo kama watu wanavyoogopa.

Hata hivyo, kisu kile kile kikatacho mkate chaweza kukata mkono. Katika Marekani dawa za jamii hii zilitolewa ovyo kwa miaka mingi, nyingine zikatengenezwa na kuuzwa kwa siri. Mwaka 2021 peke yake watu zaidi ya 80,000 walikufa kwa kuzitumia kupita kiasi. Kwa hiyo dawa ya mgonjwa ifungiwe, asipewe mwingine, isiuzwe. Wataalamu nao hawakulala: Januari 2025 serikali ya Marekani iliruhusu dawa mpya iitwayo suzetrijini, kwa maumivu ya ghafula. Hiyo hufunga katika mishipa mlango ulio ndugu ya ule waliokosa watoto wa Pakistan, wala haifanyi kazi yake ubongoni kama mofini.

Lakini shida yetu sisi si wingi wa dawa. Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoandika katika jarida la Lancet ilieleza ya kuwa katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kila mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Tajiri na Lazaro wangali wanakaa mlango mmoja. Hata hivyo majirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia. Tangu mwaka 1993 Daktari Anne Merriman na wenzake huko Kampala waliwapelekea wagonjwa mofini ya maji mpaka nyumbani. Na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika. Umaskini peke yake si udhuru. Mara nyingi kinachokosekana ni nia.

Basi, enyi jamaa za Kikristu, yatupasa mambo manne.

La kwanza, tumwulize mgonjwa wetu maumivu yake, na akisema tumsadiki. Wazee wetu wengi huficha kwa kuogopa kutugharimu. Na mficha maradhi kilio humfichua.

La pili, tumpe dawa kwa saa zilizoandikwa, bila kungoja mpaka alie. Siku za kwanza mofini huweza kuleta usingizi, na choo huwa kigumu; tumwambie mwuguzi, naye atatoa msaada. Tusiiache dawa kwa maneno ya majirani.

La tatu, tukae naye. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya wagonjwa ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alifundisha ya kuwa maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Kuna maumivu ambayo hutulizwa na mtoto aliyesafiri akarudi, au na ndugu aliyeombwa radhi. Rafiki za Ayubu walikaa naye kimya siku saba. Hawakukosa mpaka walipoanza kumhubiria.

La nne, mwiteni padre mapema, mgonjwa angali na fahamu zake, apate kuungama, kupokea Ekaristi na kuweka mambo ya nyumba yake sawa. Nasi mapadre, tukiisha kumpaka mafuta matakatifu, tuulize pia kama amekwisha kupewa dawa yake. Msamaria alimwaga mafuta na divai katika vidonda, akalipa gharama ya nyumba ya wageni. Injili haisemi kama alihubiri.

Yule mama aliniomba nafasi ya kusali, nayo ilikuwamo ndani ya chupa juu ya meza yake. Mungu amrehemu, na anisamehe mimi. Nanyi mkiwa na chupa kama hiyo nyumbani, na mgonjwa wenu yumo katika uchungu, msingoje. Mpeni usiku huu huu, kwa kipimo alichoandikiwa, kisha mpige magoti msali pamoja naye.

Mhariri