Mbwa Mwoga na Ujira wa Mwenye Kumtunza

Mtuwie radhi tukizungumza habari za mbwa katika gazeti hili. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa mbwa, tena kwa sababu nzuri, maana kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa mauti ambao dalili zake zikishaonekana hauponyeki. Mbwa kwetu ni mlinzi wa usiku; hulala nje, hula makombo, na akikatiza njiani hupigwa jiwe kabla hajafanya neno lolote. Lakini ni mara chache tunamfikiri mbwa ambaye yeye ndiye anayemwogopa mtu. Na akitokea mtu akakaa sakafuni miezi mitatu akimbembeleza mnyama mmoja wa namna hiyo, je, anapata ujira gani? Tena, ni halali kuzitumia siku zake hivyo, hali wako watoto wenye njaa?

Tuchukue mambo yaliyotokea Marekani. Mwezi wa Aprili 2007, katika wilaya ya Surry, jimbo la Virginia, polisi waliingia katika nyumba ya Michael Vick, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, wakakuta mbwa wapatao 50 waliofugwa ili wapiganishwe kwa kamari. Vick alikiri kosa, na Desemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miezi 23. Desturi ya siku zile ilikuwa kuwaua mbwa wa namna hiyo wote pamoja, na hata baadhi ya watetezi wa wanyama walishauri hivyo, wakisema kwamba mnyama aliyefundishwa kuua hafundishiki tena. Hata hivyo iliamuliwa kila mbwa apimwe peke yake. Waliokwenda kuwapima walijiandaa kukutana na wanyama wakali, lakini wengi waliowakuta walikuwa waoga kupita kiasi. Baadhi yao walijilaza bapa sakafuni kama chapati, wakitetemeka, wasithubutu kuinua macho. Karibu wote waliachwa hai. 22 walipelekwa Kanab, Utah, kwenye makao ya chama cha Best Friends, na wengine wakachukuliwa na vyama vingine.

Wazee wetu walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na methali hiyo yamfaa mbwa sawasawa na mtu. Lakini wako mbwa waoga ambao hawajapigwa hata mara moja. Wataalamu Scott na Fuller, waliochunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa hujifunza ni nani wa kumzoea. Asipomwona mtu katika siku hizo, hukua akimwona mtu kama sisi tuonavyo chui. Hakuna aliyemtendea ubaya kwa fimbo. Ametendewa ubaya kwa kuachwa tu.

Kazi ya kumponya haina fahari yoyote. Mtunzaji huingia, hukaa chini, humpa mbwa ubavu badala ya uso, wala hamtazami machoni. Hutupa kipande cha nyama, akanyamaza. Kesho hukitupa karibu zaidi kidogo. Mbwa akikakamaa, mtu hurudi nyuma. Mara nyingi huletwa mbwa mwingine mtulivu, kwa kuwa mwoga humwamini mbwa mwenzake upesi kuliko amwaminivyo binadamu. Ukitumia nguvu siku moja, umeharibu kazi ya wiki nzima. Chama cha ASPCA kilianza mwaka 2013 kuwa na kituo maalumu kwa mbwa wa namna hii, na tangu 2018 kituo hicho kiko Weaverville, North Carolina. Katika mamia ya mbwa waliopitia huko, zaidi ya 8 katika kila 10 walifika hatua ya kuweza kupewa makao. Wengine hawakufika, na si haki kulificha jambo hilo.

Sasa turudi kwenye swali la watoto wenye njaa. Ni swali zito, wala hatulidharau, ingawa tumeona kwamba wanaoliuliza kwa sauti kubwa si lazima wawe ndio wanaopika uji. Twaona kwamba huruma si kama debe la unga, kwamba ukimpimia huyu umempunguzia yule. Mwaka 1824, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilipoanzishwa London, aliyekiongoza alikuwa Arthur Broome, kasisi wa Kianglikana, na miongoni mwa waliokutana naye alikuwamo William Wilberforce, yule yule aliyepiga vita biashara ya watumwa kwa miaka mingi. Broome alitiwa gerezani mwaka 1826 kwa madeni ya chama hicho. Tena kuna jambo la haki hapa, mbali na huruma. Hofu ya mbwa wale wa Virginia ilitengenezwa na mtu, na mahakama ilimtoza Vick zaidi ya dola 900,000 kwa ajili ya matunzo yao. Anayeharibu hulipa, hatuoni kwa nini sheria hiyo ikome kwenye mlango wa banda.

Lakini ujira wa mtunzaji ni nini, ikiwa fedha si zake? Shukrani? Mbwa mwoga hashukuru, hata kama baadaye atatikisa mkia. Mmoja wa mbwa wale, jike aliyeitwa Jasmine, mwanzoni ilibidi abebwe mikononi ili atoke nje, naye alikufa mwaka 2009, kabla hofu haijamtoka kabisa. Je, aliyembeba alipata hasara? Hatudhani. Wengi wetu tumezoea kutiiwa, na watoto, na wanyama, na hata na wageni wanaotuhitaji. Na hapa yuko kiumbe dhaifu kuliko wote ambaye hawezi kuamrishwa jambo moja tu, nalo ni kutuamini. Siku anapokula mkononi, amekupa kitu ambacho hukuwa na uwezo wa kukichukua. Nadhiri na mishahara havileti kitu hicho.

Na mtunzaji hakai nacho. Dalili ya kwamba kazi imefaulu ni mbwa kuweza kumfuata mtu mgeni. Kwa hiyo siku ya mafanikio ndiyo siku ya kukabidhi kamba na kubaki mikono mitupu. Mmoja wa mbwa wale, Jonny Justice, alikwenda kuwa msikilizaji wa watoto waliokuwa wakijifunza kusoma, wale wanaoona haya kukosea mbele ya watu wazima. Mbwa hulala karibu, nao husoma polepole, wakirudia neno mara tatu, nne, bila mtu wa kuwasahihisha.